Mwanamke Aliyegawa Kilio

Mama Shefu hakuamini watu wema. Ukimpelekea sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, bila sababu, aliifunika, akaiweka kando, akakutazama usoni na kukuuliza: "Unatafuta nini?" Ukijibu kwamba hutafuti kitu, ndipo alipozidi kukushuku. "Muntu mwenye hatafute kitu," alisema, "huyo njo wa kuogopa." Kisha alikula sombe yako yote na kukurudishia sahani imeoshwa, na ndani yake ameweka mahindi mawili ya kuchoma ili usimdai chochote.

Tuliishi avenue moja, mtaa mmoja, huko Katuba mjini Lubumbashi miaka mingi, yeye akiwa shefu, yaani mkuu, wa avenue, mimi kiongozi wa kwaya ya parokia. Miaka yote hiyo tuligombana juu ya jambo moja tu: ni nini kinachozuia majirani wasirukiane shingoni. Mimi nilisema ni dhamiri, ni yale tuliyofundishwa na wazazi na kanisa. Yeye alisema ni kuhitajiana, basi.

"Dhamiri iko ya siku ya Mungu," aliniambia. "Siku ingine, bantu beko paka bantu." Yaani watu ni watu tu.

Mnisamehe nikianza na ugomvi. Kwetu hayakuwa maneno ya kupitishia muda. Babu yangu alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Mimi nilizaliwa hapa, mama yangu alizaliwa hapa, na Tshiluba chetu, lugha ya huko Kasai, ni cha kuokoteza. Lakini ile miaka ya fujo, watu wa asili yetu walipokuwa wanafukuzwa mji mzima, mawe yalianguka juu ya bati letu, na tulijua vizuri yanatoka lupango gani, kiwanja cha nani. Yalitoka ng'ambo ya barabara, kwa jirani anayetutazama kila asubuhi tukipiga mswaki. Sisi tulibaki, sijui kwa bahati gani. Kwa hiyo avenue ikivunjika, wa kwanza kutoka ni sisi. Nilipobishana na Mama Shefu nilikuwa natafuta kujua kama watoto wangu watalala salama.

Alikuwa mfupi, na sauti yake ilifika mwisho wa avenue kabla ya miguu yake. Juu ya kikwembe alivaa koti la kiume la rangi ya majivu, hata ule mwezi wa kumi ambapo Lubumbashi inaungua kama kikaango. Mbele ya lango lake aliuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Ilikuwa munkoyo tamu kweli, hilo siwezi kumnyima, ila vikombe vyake vilikuwa na matako manene, ukinywa mara mbili unakuwa umekunywa kimoja. Ukimwambia, anacheka. "Si ulikinunua kwa macho yako? Sikukufunga kitambaa."

Kanisani alisinzia tangu mahubiri mpaka sadaka. Alipenda kuangalia mieleka, ile yetu inayoitwa kachi, wanaume wakubwa wakirukiana uwanjani na dawa zao za uongo na za kweli, na hapo hakusinzia hata kidogo. Alisimama juu ya benchi na kutukana waamuzi mpaka koti likamvuka bega. Kama shefu aliwafokea watu wanaotupa taka katika mfereji. Magunzi yake mwenyewe ya mahindi tuliyaokota katika mfereji wetu kila baada ya mvua. Nikilalamika, alisema maji ndiyo yaliyoyapeleka, niyafuate maji.

Sasa huyo asiyeamini wema alikuwa na mambo yake. Kulikuwa na bwana mmoja mgonjwa wa akili, akilala ukingoni mwa mfereji, akiongea na viatu vyake. Kila mchana Mama Shefu alimpelekea bukari, ugali wetu, na mboga ya kalembula, akasimama juu yake mpaka amalize.

"Mama Shefu, umekuwa mtakatifu," nilimtania siku moja.

"Akufie pale mbele ya munkoyo yangu, nani atakuya kununua?" akanijibu kwa hasira ya kweli. "Fikiri mbele ya kusema."

Na alipokufa mwanamke asiye na ndugu, aliyemwosha ni yeye. Alimwosha polepole, akimsemesha kama anamwogesha mtoto, kisha akatoka nje na kutuambia kwamba anajizoeza tu, mikono isisahau. Kila wema wake ulikuwa na kisingizio, na visingizio vyenyewe havikuwa na aibu.

Lakini kazi yake kubwa, ile ninayomheshimia mpaka leo, ilikuwa kugawa kilio.

Kwetu mtu akifa, barabara inafungwa. Turubai, ile tunayoita bâche, inatandazwa juu ya mabomba ya chuma. Viti vinapangwa, masufuria makubwa yanawekwa motoni, na avenue inakaa na wafiwa mpaka wamalize. Mtu anayeachwa peke yake katika kilio amekwisha, hata kama anapumua. Zamani kila familia ilihangaika kivyake kukodi vitu. Mama Shefu alipopewa ushefu alituchangisha, tukavinunua vyote pamoja. Tukafikiri ataviweka kwake, kama shefu yeyote angefanya. Hapana. Alivigawa. Masufuria yakaenda kwa mjane wa kona. Viti vikaenda kwa mwalimu aliyekuwa hasemeshani na mjane huyo. Bâche akaileta kwetu. Na mabomba, yale mabomba ambayo bila hayo bâche ni blanketi tu, akayapeleka ng'ambo ya barabara, kwa yule jirani wa mawe.

Baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa hai, alikasirika sana. "Unanifunga na muntu mwenye alitaka kuniua?"

"Njo vile," alisema Mama Shefu. "Ukimuzika muntu hapa, paka na yeye. Na yeye, paka na wewe."

Basi kilio cha kwanza kikaja. Baba akatoka na bâche begani, jirani akatoka na mabomba, wakakutana katikati ya barabara kama mbuzi wawili juu ya daraja. Sasa kufunga bâche kunataka watu wawili: mmoja ashike bomba, mwingine avute kamba. Huwezi kuifunga ukiwa umenuna. Nilikuwa pale, nikayasikia maneno ya kwanza kati ya nyumba zetu tangu ile miaka.

"Vuta," alisema jirani.

"Regeza kwanza," alisema baba.

Ndivyo ilivyoanza. Kilio baada ya kilio wakafika kwenye "jambo", kutoka "jambo" wakafika kwenye "batoto banalala namna gani", na baba alipokufa yeye mwenyewe, yule jirani alishika bomba lake mpaka mwisho, akilia, kamasi zikimtiririka bila kuzifuta. Nilimwambia Mama Shefu: unaona? Huu si upendo? Akanijibu kwamba ni mtego, aliutega yeye, na nishukuru niko ndani yake nikipata usingizi mzuri.

Nilimchukia kidogo siku hiyo. Mtu hataki kuambiwa kwamba machozi ya jirani kwa baba yake yametengenezwa.

Kisha akahamia kwetu Papa wa Depo. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, akiuza chumvi, sukari na unga kwa jumla, malori yakija na kuondoka. Tajiri, lakini nisikilizeni vizuri: alikuwa mtu mwema. Hakuwa na majivuno. Alisalimia watoto kwa heshima. Alikuja na mama yake mzee, akimshika mkono kila Jumapili mpaka benchi la mbele. Siku moja, katika kilio cha mtu fulani, aliona bâche yetu imetoboka na mvua inawadondokea wafiwa, moyo ukamuuma. Hazikupita siku nyingi, lori likashusha turubai jipya jeupe, nguzo zake, viti vya plastiki vya kujaza barabara, masufuria yanayong'aa, na vipaza sauti.

"Bandugu," alisema mbele yetu sote, "mwenye kuwa na kilio, akuye kwangu, achukue bule. Watumishi wangu watafunga, watafungua. Musihangaike tena."

Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Kwaya yangu iliimba. Mimi mwenyewe nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi: hapa sasa kuna mtu anayetoa bila kutafuta kitu, Mama Shefu atasema nini?

Hakusimama. Alingoja makofi yaishe, akasema taratibu: "Baba, aksanti. Umetuua."

Watu wakaguna. Wengine walisema ni wivu, ushefu unamponyoka. Mimi nilimfuata mpaka langoni kwake nikamwambia ana roho mbaya. Alinimiminia munkoyo, akaniambia ninywe, nikikasirika koo linakauka.

Na kweli, mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mtu akifa, vijana wa depo wanafika asubuhi, kufumba na kufumbua hema limesimama. Hakuna wa kuvuta kamba, hakuna wa kuregeza. Bâche yetu ikaliwa na panya. Jirani akayachukua yale mabomba akajengea uzio wa lupango lake, na hakuna aliyemuuliza. Mjane akayauza masufuria. Salamu zikaanza kupungua, si kwa uadui, jamani, ila kwa sababu hapakuwa na pa kukutania. Zamani nilijua jirani ana kikohozi kwa sababu nilikuwa naye upande wa pili wa bomba. Sasa nilijua ana gari jipya kwa sababu lilinirushia matope.

Mpaka siku ile. Ilikuwa mambo ya taka, mambo madogo kabisa. Mama yangu alikuwa anafagia mbele ya lango, vumbi likavuka barabara. Kijana mkubwa wa jirani akatoka, akamwambia, mbele ya watu: "Murudie kwenu Kasai na vumbi yenu."

Mama aliuacha ufagio pale pale. Aliingia ndani, akakaa juu ya kitanda, akaniuliza kwa sauti ndogo kama bati letu bado ni zima.

Nilikwenda kwa Mama Shefu. Nilimtaka aite mkutano, awakumbushe watu adabu, ubinadamu, amri za Mungu, chochote. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuizoea.

"Nitabafundisha nini? Ule kijana anajua kama ni mubaya. Baba yake anajua. Bote banajua. Kujua haibazuie." Akafuta kikombe cha munkoyo. "Habana kitu kwako, na wewe hauna kitu kwabo. Njo ugonjwa."

Tulikuwa bado katika hali hiyo alipofariki mama mzee wa Papa wa Depo.

Hema jeupe lilisimama asubuhi hiyo hiyo, zuri kuliko yote yaliyowahi kusimama. Viti vimenyooka kwa mistari. Wapishi wa kulipwa wakaja na moto wao, na vyakula vyao vikanukia avenue nzima. Watu walikuja, sisemi hawakuja. Walimshika mkono, wakasema pole, wakatazama huku na huku wakatafuta kazi ya kufanya, wakakuta hakuna. Basi wakaenda. Kila mmoja alidhani wengine watakaa. Mimi nilifika mchana na kwaya, na nilipoingia chini ya hema nikakuta viti vitupu. Viti vyote vile, na katikati yake Papa wa Depo na watoto wake, kama familia iliyoshushwa njiani na gari lililoharibika. Alikuwa ananyoosha kitambaa cha jeneza kisicho na mkunjo. Alipotuona alisema aksanti mara nyingi mno.

Hapo akaingia Mama Shefu. Koti lake, jua kali, jasho likimshuka mashavuni. Nilifikiri atasema "niliwaambia", na Mungu anajua angekuwa na haki. Badala yake alichagua kiti cha mbele kabisa, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Akakaa tu. Sisi tukaimba wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yeye yuko pale, mtu mmoja katika uwanja wa viti, hasinzii. Sijawahi kumwona hivyo, wala kabla wala baadaye.

Baada ya muda mrefu aliinuka, akamwendea mfiwa, akamwinamia.

"Baba, uwarudishe bale bapishi kwabo."

"Mama, watu watakula nini?"

"Hakuna bantu. Uzime moto. Halafu usimame, weye mwenyewe, si mutumishi, uende kuomba."

"Kuomba nini? Niko na kila kitu."

"Njo maana uko peke yako. Enda kuomba chumvi."

Alimtazama kana kwamba amemtukana. Mtu anayeuza chumvi kwa malori, aende kuomba chumvi! Lakini nimewaambia alikuwa mtu mwema, na mwema wa kweli, maana alivua viatu vyake vizuri, akavaa kandambili, akatoka chini ya hema lake jeupe. Nyumba aliyoanza nayo ilikuwa yetu. Mama yangu alifungua lango, akamkuta Papa wa Depo amesimama, kikombe mkononi.

"Mama," alisema, "sina chumvi. Mama yangu amekufa na sina chumvi."

Kisha akalia, pale pale langoni, kilio ambacho hakuweza kukilia katikati ya viti vitupu. Mama yangu hakumwuliza mengi. Alijaza kikombe, akajifunga kikwembe cha pili kiunoni, akaifuata chumvi yake. Akishika kazi ya mtu, mama haiachi. Alikaa motoni mpaka maziko.

Kwa mjane Papa wa Depo aliomba sufuria ya nyumbani. Kwa mwalimu aliomba kuni. Ng'ambo ya barabara aliomba bomba moja, akisema hema lake linayumba, na sote tuliona kwamba haliyumbi. Jirani alikwenda kwenye uzio wake, akang'oa bomba kwa mikono yake miwili, udongo ukiwa bado umeshika chini, akalileta. Alihitaji mtu wa kuvuta kamba. Alitazama huku na huku, akaniona.

"We mwana wa marehemu," alisema, "kuya hapa."

Jioni hapakuwa na kiti. Watu walikaa juu ya magogo, juu ya ndoo, wakisukumana, wakigombana ni nani aliyeweka chumvi nyingi. Yule kijana wa matusi alibeba maji. Hakuomba msamaha, wala hajaomba mpaka leo. Alimwuliza tu mama yangu ndoo aiweke wapi, naye akamwonyesha. Baadaye Papa wa Depo aligawa vitu vyake vyote nyumba kwa nyumba, na Mama Shefu ndiye aliyemwelekeza nani apewe nini, akichagua maadui kwa makini kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Mimi nilibaki na swali moja, nikaona aibu kumwuliza.

Mwaka huu miguu yake ilivimba, akahamia kwa mpwa wake huko Annexe, pembezoni mwa mji, kwenye nyumba ya matofali yasiyopakwa, katikati ya mahindi na viazi. Nilikwenda kumwona kwa sababu nilikuwa na hofu. Maneno yalikuwa yameanza tena mjini, yale yale, nani mwenye nchi na nani wa kuja. Kwetu hakuna aliyetamka kitu, lakini hakuna aliyetamka kitu hata ile miaka, kabla ya mawe. Mke wangu alikuwa tayari amefunga nguo za watoto katika mizigo miwili na kuiweka nyuma ya mlango. Na avenue haikuwa na Mama Shefu tena.

Nilimkuta nje, koti lake mgongoni, anamenya viazi. Alikuwa amekonda. Nilimweleza yote. Nikamwuliza: "Mama, tukae ao tutoke?"

Aliendelea kumenya. "Nani anashikaka mabomba sasa?"

"Ule jirani. Vijana wake wanasaidia."

"Na bâche?"

"Ile ya Papa wa Depo iko kwangu."

"Aya," alisema, na haikuwa jibu.

Hapo nikalitoa lile swali langu la siku nyingi. "Mama, ile siku ya Papa wa Depo. Mbele ya kumutuma kuomba, ulikaa mule peke yako saa mingi. Hakuna mwenye alikuita. Ulikuwa unatafuta nini?"

Nilijua atapata kisingizio. Alikuwa navyo vya kutosha. Aliweka kisu chini. Alitazama mahindi ya mpwa wake, na macho yake yakajaa maji, akaacha yajae.

"Miaka yote nilikuwa nabaambia: bantu habakuyake bule. Nilikuwa naona raha kusema vile. Ile siku nikaingia mule, nikaona biti bitupu. Nikaona kama iko kweli." Alishika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. "Nikaogopa, mutoto yangu. Nikasema, kama iko kweli, basi tumekufa. Nikakaa ili ikuwe uongo."

Mpwa wake alituita tuingie ndani, mawingu yalikuwa yameshuka. Hatukuingia. Mvua ilitukuta pale pale, yeye na mimi, tukamaliza kumenya viazi vyote huku tunalowa, naye akanifokea kwamba nakata maganda manene. Nilifika Katuba nikiwa nimelowa mpaka mifupa, na kabla ya kuvua shati nilimwambia mke wangu afungue mizigo.